BWAWA LA ZAMANI LILILO JUU YETU: TULIKAGUE VIPI?



Katika mkutano mmoja wa jumuiya kule Mukuru, mama mmoja aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: "Huu mto wetu, huko juu kuna nini?" Wengi wetu tunaujua Mto Ngong pale tu unapopita nyuma ya nyumba, na tunaukumbuka mvua ikinyesha usiku.

Jibu ni hili. Huko juu, kati ya Kibera na Lang'ata, kuna Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka wa 1953 liwe akiba ya maji ya mji. Unaoingia ni Mto Motoine, na unaotoka ni Mto Ngong, ambao unapita eneo la viwanda, ukaja Mukuru, ukaendelea hadi upande wa Kayole na Njiru. Kwa hivyo hali ya bwawa hilo, ambalo sasa lina zaidi ya miaka 70, si shauri la watu wa Lang'ata peke yao.

Mimi si injinia. Lakini ukaguzi wa bwawa huanza na mambo matatu ambayo kila mtu anaweza kuyaelewa.

Kwanza, nafasi. Bwawa ni kama sufuria. Ukiijaza mchanga hadi nusu, hata maji kidogo yatamwagika. Zamani watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga katika Bwawa la Nairobi. Baadaye likajaa tope, takataka na gugu maji. Bwawa la namna hiyo haliwezi kuzuia maji ya mvua kubwa. Yanapita tu yakaja kwetu. Ndiyo sababu wakaguzi hupima kina cha tope, si upana wa maji peke yake.

Pili, ukuta. Mabwawa mengi ya zamani yana kuta za udongo. Angalia nyufa, mahali palipodidimia, mashimo ya wanyama, na miti mikubwa, kwa sababu mizizi hufungulia maji njia. Chini ya ukuta, angalia kama kuna mahali palipolowa hata wakati wa kiangazi. Maji yanayovuja yakiwa safi, yafuatiliwe. Yakianza kutoka na tope, hiyo ni hatari kubwa: ukuta unaliwa kutoka ndani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi, Bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, lilipasuka, na zaidi ya watu 40 wakafa.

Tatu, njia ya kutolea maji yaliyozidi. Ikiwa nyembamba au imeziba, maji yatapita juu ya ukuta na kuukata. Bwawa la Sasumua huko Nyandarua, ambalo huleta maji Nairobi, lilimalizika kujengwa mwaka wa 1956. Mvua za Mei 2003 ziliharibu njia yake hiyo. Ukuta ulisimama, lakini ilibidi maji yapunguzwe bwawani, na mji ukapata hasara.

Tena, kuziba kunaweza kutengeneza bwawa pasipo na bwawa. Huko Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, njia ya maji chini ya reli iliziba kwa takataka za mafuriko. Maji yakajikusanya, yakafumuka alfajiri na kuua watu wengi. Je, yale makalvati ya mtaani kwetu yana hali gani?

Basi tufanye nini? Kwa Sheria ya Maji ya 2016, kazi ya kusimamia usalama wa mabwawa ni ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mwanzoni mwa Mei 2024 serikali iliamuru watu waliokuwa karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame kwa saa 24. Lakini jamani, mama mwenye watoto wanne atahamia wapi kwa siku moja? Maswali yaulizwe wakati wa jua:

- Bwawa lilikaguliwa lini mara ya mwisho, na nani?
- Alipata kasoro gani, na zipi zimerekebishwa?
- Maji yakizidi, nani atatujulisha, na kwa njia gani?

Tusiwalaumu majirani wa Kibera. Pasipopita gari la taka, taka huenda mtoni, hata kwetu ni hivyo. Afadhali tuwe na namba zao za simu, ili anayeona maji yakipanda huko juu ampigie aliye huku chini.

Yule mama ameshapata jibu lake. Sasa jumuiya yake inaandika maswali hayo matatu kwenye barua ya kumpelekea chifu. Na jumuiya yako je?