Kutazama Nyumba Zisizonunuliwa: Nini Hutendeka Katika Ubongo?

Mkaazi wa Wingwi, kaskazini mwa Pemba, akiwa na simu janja na bando, anaweza kuzuru nyumba ishirini kabla ya kulala. Huanza na ghorofa za Fumba na nyumba za ufukweni Paje kule Unguja, akavuka hadi Dar es Salaam, kisha Muskati na Dubai. Hana nia ya kununua, na bei nyingine zimeandikwa kwa dola. Hata hivyo hupita chumba kwa chumba, akachagua atakapolala mama yake na kupanga mahali pa baraza.

Waswahili wana jina la kale la mchezo huu: ndoto za Alinacha. Katika hadithi za Alfu Lela Ulela, Alinacha alikaa mbele ya vyombo vyake vya kioo akiwaza jinsi atakavyoviuza, atajirike, anunue jumba na kumwoa binti wa waziri. Alipowaza jinsi atakavyomsukuma mkewe kwa mguu, alirusha teke, na vyombo vyote vikavunjika. Elimu ya ubongo ya leo inaeleza kwa nini ndoto hizo ni tamu, na wakati gani huvunja vyombo.

Kwanza ifahamike kwamba kuwaza hivyo si ugonjwa. Utafiti wa Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watu wazima 2,250, ulionesha kuwa akili za washiriki zilikuwa mbali na shughuli waliyokuwa wakiifanya kwa takriban asilimia 47 ya nyakati walizoulizwa. Ubongo hutumia safari hizo kukumbuka yaliyopita na kujaribu yajayo bila gharama. Anayepanga vyumba vya kufikirika mara nyingi hutambua anachokihitaji kwa kweli: faragha, nafasi ya wazazi, au maji ndani ya nyumba.

Ugumu huanza katika kuacha. Tafiti za Wolfram Schultz juu ya nyani zilionesha kwamba seli za ubongo zitoazo kemikali iitwayo dopamini huchangamshwa zaidi na dalili ya tuzo kuliko na tuzo yenyewe iliyokwisha kuzoeleka. Kila tangazo jipya la dalali ni dalili ya namna hiyo: pengine hili litapita lile. Mtaalamu mwingine, Kent Berridge, amebainisha kuwa kutamani na kufurahia ni mambo mawili tofauti, na dopamini huchochea zaidi kutamani. Ndiyo maana kidole huendelea kupekua hata raha ilipokwisha. Usiku ukienda hivyo, mwanga wa kioo cha simu huchelewesha homoni ya usingizi, melatonini, na mtu huamka amechoka.

Hasara nyingine haionekani upesi. Mwaka 2002, Gabriele Oettingen na Doris Mayer walichapisha matokeo ya kufuatilia wahitimu wa chuo kikuu waliokuwa wakitafuta kazi. Waliozama zaidi katika njozi tamu za mafanikio walituma maombi machache, na baada ya miaka miwili walikuwa na mishahara midogo kuliko wenzao. Akili iliyokwisha kuonja matunda hupunguza nguvu ya kupanda.

Kwa Wingwi jambo hili si dogo, kwa kuwa nyumba nyingi vijijini hujengwa kwa hatua: kiwanja, msingi, matofali, kisha bati, kila hatua ikisubiri fedha za mwani, karafuu au samaki. Ujenzi wa namna hiyo hudai ustahimilivu wa miaka. Anayelinganisha msingi wake uliomea majani na jumba la Dubai huweza kuuona si kitu, akakata tamaa na kazi iliyokwisha kuanza.

Tiba anayoipendekeza Oettingen si kuacha kuota, bali kuiweka ndoto mbele ya kizuizi chake. Mtu hutaja analolitaka, huwaza uzuri wake, hutaja kinachomzuia ndani ya nafsi yake, kisha huweka azimio la "ikiwa". Kwa mfano: kizuizi ni fedha za mwani kutawanyika katika matumizi madogo, azimio ni "ikiwa nimelipwa, nitapitia kwa mfyatuaji matofali kabla ya kufika nyumbani." Tofali hustahimili kusubiri, ilhali saruji huganda kwa unyevu.

Kutazama kwa dakika chache, simu ikawekwa mbali kabla ya saa ya kulala, ni burudani isiyo na madhara. Lakini mtu akishindwa kujizuia hata usingizi, kazi na jamaa zake vikaathirika, au akiona njozi ndiyo mahali pekee penye nafuu, huenda nyuma yake pana huzuni au wasiwasi unaotibika. Huyo afike kituo cha afya kilicho karibu, aeleze hali yake bila kuona haya.