Kabla Hujajitetea

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 kinawataka wanandoa wapite baraza la usuluhishi kabla ya kwenda mahakamani kudai talaka. Wengi hufika pale wamejiandaa kama mawakili: nani alitukana, nani hakuacha hela ya matumizi, nani anapekua simu ya mwenzake. Na mara nyingi tayari walishaambiana yote hayo nyumbani, ila kila mmoja alikuwa akisubiri tu zamu yake ya kujibu.

Mwaka 1951 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alipendekeza sharti moja kwa wanaobishana: husemi lako mpaka uwe umeeleza upya alichosema mwenzako, pamoja na kinachomuuma, naye akubali kuwa umempata. Linasikika jepesi. Lijaribuni leo usiku muone.

Chukua mume aliyemtumia mama yake laki moja kwa simu, mkewe akauona ujumbe.

"Baba Neema, kwani mimi humu ndani mpangaji?"

Jibu lililozoeleka: "Kwa hiyo unataka mama yangu afe njaa?" Hapo ugomvi umeshahamia kwa mama mkwe, ambaye hata hayupo.

Sasa sikia jibu lingine: "Mama Neema, umeumia kwamba nimetuma bila kukwambia, ukaona sikuhesabu. Ndivyo?"

"Wala si hivyo. Mama ni wetu sote. Ada ya Neema haijalipwa, na mwalimu akipiga simu ananipigia mimi."

Mume alikisia vibaya, na haikuharibu kitu. Kuuliza kwake ndiko kulikoitoa ada mafichoni. Tena hajakiri kosa lolote. Wengi hukataa zoezi hili wakidhani kumsikia mtu ni kumpa ushindi. Bora hata kukisia vibaya kuliko ile "nakuelewa, lakini…", maana kila mtu anajua maneno yenyewe yanaanzia kwenye "lakini".

Tatizo ni kwamba mtu aliyepandwa na hasira hawezi haya. John Gottman, aliyechunguza wanandoa kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, aliona kwamba mapigo ya moyo yakizidi 100 kwa dakika, uwezo wa kusikiliza huporomoka. Safari moja watafiti waliwakatiza wanandoa katikati ya mabishano wakisingizia mitambo, wakawapa magazeti wasome kwa nusu saa. Waliporudi kwenye mada, mioyo ilikuwa imetulia na mazungumzo yakaenda vizuri zaidi.

Kwa hiyo ondoka, lakini taja saa ya kurudi: "Nimekasirika, tuongee watoto wakilala." Ukitoka bila neno, ukarudi usiku wa manane umenuna, hayo si mapumziko. Kumnyamazia mwenzako Gottman amekuweka pamoja na dharau katika mienendo minne inayoibomoa ndoa.

Penye kipigo, usianze na zoezi hili. Anza na Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.