Baraza ya Norfolk na Mashamba Tunayolima

Mkulima anayeteremka Nairobi kutoka Kinangop au Ol Kalou kwa njia ya Limuru hupita Kangemi na Westlands, kisha hushuka Museum Hill na kuingia mjini. Akiteremka kwenye gari karibu na Chuo Kikuu na kutembea dakika chache, atafika Barabara ya Harry Thuku. Huko, kuelekeana na Jumba la Taifa la Maonyesho, ataona hoteli ya zamani. Hiyo ndiyo Norfolk. Wengi wetu tumepita pale mara nyingi bila kujua kwamba habari za mashamba tunayolima leo zilizungumzwa sana katika baraza yake, kabla baba zetu hawajaulizwa neno lo lote.

Katika vijiji vya Uingereza, tangu zamani, kuna nyumba ya wageni. Msafiri hupata kitanda, chakula na kinywaji, na farasi wake hupata zizi. Jioni wenyeji wa kijiji hukusanyika humo kuzungumza bei ya nafaka, ugonjwa wa mifugo na mambo ya majirani. Masetla waliokuja Kenya walitamani nyumba ya namna hiyo. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na miaka michache baadaye mji ulikuwa bado ni mabati, mahema na matope. Mwanamke mmoja, Mayence Bent, alifungua hoteli ndogo ya Stanley mwaka 1902. Kisha, siku ya Krismasi mwaka 1904, Meja Ringer na mwenzake Bwana Winearls walifungua Norfolk. Norfolk ni jina la jimbo la wakulima, mashariki mwa Uingereza.

Wakati ule hoteli ilikuwa pembeni mwa mji, na mbele yake lilipita vumbi la magari ya kukokotwa na ng'ombe. Setla aliyetaka shamba alilazimika kungoja. Maafisa wa kupima ardhi walikuwa wachache, ramani hazikuwa tayari, na karatasi zilikwenda polepole. (Msomaji aliyewahi kungojea hati ya shamba lake hatashangaa.) Basi wale mabwana walikaa Norfolk, wakanywa, wakalalamika juu ya Serikali, na kila mmoja akamsikiliza mwenzake ajue ni bonde lipi lina maji na ni mlima upi una udongo mzuri. Kwa kuwa wengine wao walikuwa wa ukoo wa kilodi, hoteli ikapewa jina la utani, "Nyumba ya Malodi", yaani Baraza Kuu la watu wakubwa kule London. Inasimuliwa pia kwamba walipolewa walipiga taa risasi, na wengine waliingia na farasi mpaka ndani. Tukimwona kijana wetu akifanya hivyo tungemwita mhuni, lakini wao waliandikiwa vitabu vya sifa.

Mkubwa wao alikuwa Lodi Delamere. Alipewa ekari 100,000 kule Njoro kwa miaka 99, kwa kodi ya pauni 200 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: ukigeuza pauni kuwa shilingi ishirini ishirini, ni shilingi 4,000, yaani senti nne kwa ekari moja. Na baadaye, kwa sheria ya mwaka 1915, masetla waliweza kupata ardhi kwa miaka 999. Mtu aliyeandika hesabu hiyo hakuwaza kwamba iko siku ardhi hiyo itadaiwa na wenyewe.

Hata hivyo, tuseme kweli, ardhi ya bei rahisi haikumfanya Delamere mkulima mara moja. Alileta kondoo wa ng'ambo, nao wakafa kwa wingi, kwa maana majani ya Njoro yalikosa madini ambayo kondoo anahitaji, na wakati ule hakuna aliyejua. Ng'ombe wake walipatwa na magonjwa. Akageukia ngano, na ngano ikaliwa na kutu. Ndipo alipomwajiri mtaalamu wa kuchanganya mbegu, ili kupata ngano inayostahimili kutu. Kazi ya namna hiyo bado inafanywa Njoro mpaka leo, na ngano kutoka nchi nyingi za dunia hupandwa hapo ili kupimwa nguvu zake mbele ya kutu. Delamere huyo huyo alianzisha kampuni ya Unga mwaka 1908, na masetla waliunda vyama vyao vya kuuza mahindi na maziwa. Walijifunza mapema kwamba mkulima mmoja mmoja hapati bei. Lakini vyama vile havikuwa vyetu, na kahawa, zao lenye fedha nyingi, Waafrika wengi walizuiwa kulipanda kwa miaka mingi.

Sasa tuje mwaka 1922. Kijana mmoja wa Kambui, Harry Thuku, alikuwa ameajiriwa kupokea simu katika ofisi ya Hazina. Aliona kodi imepandishwa, mishahara inapunguzwa, na kila mwanamume Mwafrika anavishwa kipande shingoni. Akaunda chama, akasema waziwazi. Tarehe 14 Machi 1922 polisi walimkamata na kumweka katika kituo chao, hatua chache tu kutoka Norfolk. Maelfu ya watu wakakusanyika nje wakitaka aachiliwe.

Tarehe 16 Machi wazee walirudi kutoka kuonana na wakubwa wa Serikali, wakawaambia watu waende nyumbani. Mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alikasirika. Aliinua nguo yake mbele ya wanaume, tendo ambalo kwa desturi ya Wakikuyu ni tusi kubwa kabisa, akawaambia kwamba kama wanaogopa basi wamkabidhi suruali zao. Watu wakasonga mbele kwenye lango, na polisi wakafyatua bunduki. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Walioshuhudia walisema kwamba wazungu waliokuwa barazani Norfolk nao walishika bunduki zao na kuwapiga watu waliokuwa wakikimbia. Serikali ilisema waliokufa ni 21. Waafrika waliohesabu maiti walisema ni wengi kuliko hao.

Thuku alipelekwa Kismayu, kisha Marsabit, akakaa kifungoni karibu miaka tisa. Aliporudi hakupendana tena na siasa kali, na wako waliomlaumu kwa hilo. Alirudi kwenye shamba lake Kambui. Waafrika wa kwao waliporuhusiwa kupanda kahawa, alikuwa mmoja wa waliolima vizuri sana, na mwaka 1959 akawa Mwafrika wa kwanza kukaa katika halmashauri ya Chama cha Wapanda Kahawa wa Kenya, meza moja na wale waliokuwa wamekataza kahawa isipandwe na watu wake. Alifariki mwaka 1970. Barabara inayopita mbele ya Norfolk sasa ina jina lake. Kila mgeni anayefika hotelini hulisoma katika anwani.

Hoteli yenyewe ilibadilisha wenyewe. Mwaka 1927 ilinunuliwa na Abraham Block, Myahudi wa asili ya Lithuania. Alikuwa amekuja kutoka Afrika ya Kusini mwaka 1903, akisikia kwamba Waingereza wanataka kuwapa Wayahudi ardhi ya kukaa katika Uasin Gishu. Mpango huo ulitupwa mwaka 1905. Block akabaki, akalima Kiambu, na inasimuliwa kwamba fedha nyingine alizipata kwa kushona magodoro ya majani makavu na kuyauza hotelini. Mwaka 1947 akainunua pia New Stanley. Hivyo mtu aliyekuja kutafuta shamba akawa mwenye hoteli.

Tarehe 31 Desemba 1980, watu wakisherehekea mwisho wa mwaka, bomu lililipuka Norfolk. Wapatao 20 walikufa, na wengine zaidi ya 80 waliumizwa. Ilisadikiwa kuwa ni kisasi kwa sababu Kenya iliwasaidia Waisraeli walipokwenda Entebbe mwaka 1976. Sehemu iliyobomolewa ilijengwa tena. Kisha, Mei 2020, wakati wa korona, ilitangazwa kwamba hoteli inafungwa na wafanyakazi wote wanaachishwa kazi. Baadaye milango ilifunguliwa tena.

Kwa miaka mingi hapakuwa na njia ya Mwafrika kuketi katika baraza ile. Alipika, alifua, alibeba mizigo. Leo mtu ye yote aweza kuingia, ingawa bei ya chai yake itamfanya mkulima wa maziwa afikiri mara mbili ni lita ngapi atalazimika kuuza.

Ilipofika mwaka 1962, mpango wa Ekari Milioni Moja ulianza, na familia zipatazo 35,000 zikapewa viwanja katika nchi iliyokuwa ya masetla. Hawakupewa bure. Walikopeshwa fedha za kununua ardhi, ng'ombe na mbegu, wakadaiwa mwaka kwa mwaka, na wako waliopoteza mashamba kwa kushindwa kulipa. Walilipa kwa kila ekari zaidi sana ya zile senti nne za Delamere. Sanamu yake, iliyokuwa imesimama karibu na New Stanley katika barabara iliyoitwa Delamere Avenue, iliondolewa baada ya Uhuru, na barabara ikaitwa Kenyatta Avenue.

Msomaji anayekwenda Ardhi House kuulizia hati ya kiwanja chake, na akaambiwa arudi alasiri, anao muda wa kutosha kupita pale. Aende kwanza mpaka Kituo Kikuu cha Polisi, asimame upande wa Chuo Kikuu na kuangalia kule iliko hoteli. Aone mwenyewe jinsi baraza ile ilivyokuwa karibu na mahali aliposimama Nyanjiru.