Gia Boksi Haijafa, Imenyimwa Ruhusa

Ukikaa kwenye gereji za Tarime au Mugumu hata wiki moja tu, utasikia hukumu hii ikitolewa juu ya Prado na Surf za zamani zenye gia za otomatiki: "Mzee, gia boksi imekwisha, hapa ni kubadilisha tu." Ni hukumu ghali. Gia boksi iliyotumika inaagizwa Mwanza au Dar, inakuja kwa basi, halafu wakati mwingine nayo ina ugonjwa uleule. Baba yangu mkubwa aliambiwa hivyo likizo iliyopita, nikiwa PT. Prado yake, ile ya injini ya 1KZ, ndiyo inayobeba ndizi na maharage kutoka Tarime kwenda Mugumu kupitia Nyamongo, na ndiyo inayolipa ada ya wadogo zangu wawili. Bei aliyotajiwa ilikuwa inaimeza ada yote.

Malalamiko yake yalikuwa mawili. Dizeli inakwisha haraka, na gari likiwa kwenye mwendo injini inalia juu kama vile halijaingia gia ya mwisho. Ili tuelewane, kwanza tuone kilichomo ndani.

Gari la otomatiki halina klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na gia kuna chombo cha duara kinachoitwa toki konveta, wazo lililosajiliwa na Mjerumani Hermann Föttinger mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Chukua feni mbili za mezani, uzielekezanishe, uwashe moja: upepo wake utaizungusha ya pili. Kwenye toki konveta badala ya upepo kuna oili. Uzuri wake ni kwamba gari linaweza kusimama bila injini kuzima. Ubaya wake ni kwamba feni ya pili haiifikii kasi ya ile ya kwanza, na tofauti hiyo inageuka kuwa joto na mafuta yaliyopotea.

Ndiyo maana wahandisi waliongeza klachi ndogo ndani ya toki konveta. Kampuni ya Packard ya Marekani iliiweka kwenye magari yake mwaka 1949. Gari likishashika mwendo, klachi hiyo inafunga, feni zote mbili zinakuwa kitu kimoja, na upotevu unakwisha.

Sasa, hapa ndipo penye kiini cha jambo. Klachi hiyo haijifungi yenyewe. Kwenye Toyota za miaka ya 1990, kompyuta ya gari ndiyo inayotoa ruhusa, kwa kupeleka umeme kwenye solenoidi iliyo ndani ya gia boksi. Kabla ya kutoa ruhusa inauliza maswali: mwendo umetosha? Dereva ameachia breki? Bado amekanyaga mafuta? Injini imepata moto wa kutosha? Jibu moja likiwa "hapana", klachi haifungi, hata kama ni nzima kabisa.

Basi kabla ya kumlaumu aliyenyimwa ruhusa, muulize aliyeinyima. Mpangilio tuliofuata ni huu, kuanzia kisichogharimu kitu.

Kwanza, hakikisha kama kweli haifungi. Usijaribu kwenye vumbi la kuelekea Ikoma, maana mtikisiko wa barabara utakudanganya. Nenda kwenye lami, mfano ile ya Sirari kushuka Kirumi, sehemu iliyonyooka isiyo na watu. Shika mwendo wa kilomita 80 kwa saa bila kubadili mguu wa mafuta, kisha gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, taa ziwake tu. Kama klachi ilikuwa imefunga, mshale wa mizunguko ya injini utaruka juu kidogo, kisha utashuka tena ukiachia. Usiporuka, haikuwa imefunga.

Pili, mwambie mtu asimame nyuma ya gari. Taa za breki zikibaki zinawaka bila kukanyagwa, swichi ya breki imekwama, na kompyuta inaamini unafunga breki siku nzima. Swichi hiyo ni spea ndogo.

Tatu, oili. Pima gari likiwa limetembea, injini inawaka, gia ikiwa P. Nyekundu safi ni nzuri. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua ni dalili mbaya. Ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia, ama kupitia rejeta iliyotoboka ndani ama ulipovuka korongo lenye maji mengi. Gari likitetemeka wakati klachi inafunga, oili chakavu ni mtuhumiwa wa mwanzo.

Nne, sikiliza kompyuta. Taa ya O/D OFF ikimwekamweka yenyewe, kuna hitilafu imehifadhiwa. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha hesabu mimweko. Sita halafu minne ni kodi 64, yaani solenoidi ya klachi hiyo au waya wake. 42 na 61 ni sensa za mwendo. Solenoidi nzima ikipimwa kwa multimita husoma takribani omu 11 hadi 15. Angalia na soketi iliyo ubavuni mwa gia boksi, tope hupenda kujificha humo.

Tano, moto wa injini. Hapa ndipo tulipomkamata mhalifu wetu. Baba mkubwa alitaja jambo dogo: mchana akipanda mlima na mzigo, gari linakuwa zuri, lakini asubuhi kwenye tambarare linalia. Klachi iliyokwisha haichagui asubuhi wala mchana! Tukafungua, themostati haikuwepo. Miezi kadhaa nyuma gari lilichemsha, na gereji moja ikaing'oa ili maji yapite muda wote. Kwa baridi ya asubuhi ya Tarime, injini haikuwa ikifikia nyuzi 80 na kitu inazotakiwa kufanyia kazi, kwa hiyo kompyuta ikabana ruhusa. Na kwa nini lilichemsha? Rejeta ilikuwa imejaa mbegu za majani ya porini, ugonjwa wa kawaida kwa magari ya Serengeti.

Tuliosha rejeta, tukaweka themostati mpya, tukabadilisha oili. Mshale ukaanza kuruka kwenye jaribio la breki. Gia boksi haikuguswa.

Sisemi gia boksi haifi. Oili ikiwa imeungua, ina vipande vya chuma, na gari linateleza kwenye kila gia, basi imekufa kweli. Lakini hilo ni hitimisho, haliwezi kuwa swali la kwanza. Mafundi wa kwetu wana mikono mizuri kuliko ya wengi wetu tunaosoma uhandisi. Kinachowapungukia mara nyingi ni mchoro wa waya na maelezo ya kodi. Hivyo viwili unaweza kuvibeba kwenye simu. Ukirudi nyumbani likizo, wapelekee.