Nilijidai mjuaji, Bibi akaniumbua Mtawanya!

Msomaji wangu, asikwambie mtu, kupata mtoto wa kwanza si mchezo. Unaweza ukawa mtoto wa mjini, vichochoro vyote vya Mbagala unavijua, lakini kichanga kikianza kulia saa nane za usiku, ujanja wote kwisha habari yake.

Mimi yamenikuta. Mama watoto alipokaribia siku zake, Bibi yangu mzaa mama akatuma salamu kutoka Mtawanya, kule Kibiti: "Niletee mke mwenzangu." Kwa utani wetu mimi ndiye mume wa Bibi, kwa hiyo mke wangu ni mke mwenza. Nikagoma. Eti mambo ya kijijini yamepitwa na wakati! Mwenzangu hakubishana, akafunga mzigo akaenda zake.

Alipojifungua salama kwenye kituo cha afya, nami nikadandia basi pale Rangi Tatu. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 yenye malipo, na baba angalau siku 3. Mimi ninayelipwa kwa makala sina bosi wa kunipa hata hizo, nikajipa wiki mbili mwenyewe.

"Siku tatu?" Bibi akacheka nilipomweleza. "Hata kitovu kinakuwa hakijadondoka!"

Basi kazi ikaanza. Alfajiri Bibi keshapika uji wa mchele wenye tui na pilipili manga. Jioni anamkanda mzazi kwa maji ya moto. Akimaliza anambeba mtoto, anamwambia mama, "Lala. Usipolala, maziwa yatatoka wapi?" Mimi nikakabidhiwa ndoo na beseni la nepi. Vijana wa kijiweni wakipita wananicheka, nikaona noma kwelikweli. Lakini siku ya nne nilimwona mke wangu anacheka. Kumbe tangu nifike alikuwa analia kimyakimya, mimi nikadhani ananinunia!

Kimbembe kilikuja siku Bibi aliposhika kijiko ampe mtoto maji. Kliniki walishatufundisha: miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Mke wangu akaona haya kusema. Mimi na kimbelembele changu nikafoka.

Bibi akaweka kijiko chini. "Mume wangu, ungesema taratibu ningesikia vilevile. Enzi zetu tuliwapa. Kama nesi kakataza, basi."

Na kweli, hakurudia tena. Hata kitovu alikiacha kikavu, hakupaka kitu, kama nesi alivyoagiza.

Usiku wa tisa mtoto akagoma kunyonya. Mwili wa moto, anapumua harakaharaka. Nikasema tusubiri kuche, usiku huu usafiri tutaupata wapi? Bibi alikuwa tayari anajifunga kanga.

"Nilishasubiri kuche mara moja," akasema. "Kukakucha. Mtoto hakuamka."

Ndugu yangu, nilikuwa sijawahi kusikia habari za mjomba huyo. Hata mama yangu hakuwahi kumtaja. Sikuuliza, na Bibi hakuongeza neno. Alitoka gizani akagonga kwa kijana wa jirani mwenye bajaji, tukaondoka.

Daktari alisema ni uambukizo, akaanza sindano usiku uleule. Akatuambia kichanga kinachokataa kunyonya, chenye joto kali, kinachopumua haraka au kushikwa na degedege hakisubiri jua lichomoze. Mwanangu alichomwa sindano siku saba. Leo ananyonya kama ana deni la kulipa.

Wiki zangu mbili zikageuka arobaini nzima. Mtoto katolewa nje, majirani wamekula pilau, mimi nimerudi Dar na mikono yenye sugu za kufua.

Washkaji mnaotarajia kuitwa baba, msinielewe vibaya. Ya kliniki yafuateni, na bibi akikosea mwambieni, ila kwa heshima. Lakini mtu aliyelea na kuzika ana jicho ambalo wewe na mimi hatuna. Kama bibi yako yu hai, mpigie leo, usingoje mimba ifike miezi tisa.

Wakati naaga nilimwambia, "Shikamoo Bibi, nashukuru."

"Marahaba, mume wangu. Wa pili uje mapema. Na sabuni uje nayo, yangu umeimaliza."