Kifo cha Wengi, Kimoja Kimoja: Vimbunga vya 2017 na Hesabu ya Waliokufa



Kisiwa kimoja, kimbunga kimoja, lakini hesabu mbili za waliokufa: 64 na 2,975. Zote mbili zilitangazwa na serikali ile ile ya Puerto Rico, ya kwanza mwishoni mwa 2017 na ya pili Agosti 2018. Hapo katikati hakikupita kimbunga kingine. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa. Mimi nasoma takwimu, mwaka wa tatu, na nataka tulipitie swali hilo pamoja, kwa sababu wengi wetu hapa ndio tutakaoshika kalamu kesho: madaktari, waandishi wa habari, maofisa wa wilaya, watu wa takwimu.

Msimu wenyewe

Atlantiki ina msimu wa vimbunga kama sisi tulivyo na masika na vuli. Kirasmi unaanza 1 Juni na kwisha 30 Novemba. Kimbunga chakula chake ni joto la bahari. Maji yakifika karibu nyuzi 27 za Selsiasi, mvuke unapanda, unageuka mawingu, na kule juu unaachia joto linalozidi kuvuta hewa kutoka chini. Mzunguko wa dunia nao unaipinda ile hewa mpaka inazunguka. Karibu kabisa na ikweta mpindo huo ni dhaifu mno, ndiyo maana huko vimbunga ni nadra.

Mbegu za vimbunga vingi vikubwa vya Atlantiki zinatoka barani kwetu. Kuna mawimbi ya hewa yanayosafiri kutoka mashariki kwenda magharibi juu ya ukanda wa Sahel, yanatokea baharini upande wa Senegal, kisha yanavuka bahari. Mengi yanakufa njiani. Machache yanakutana na maji ya moto na hewa tulivu, yanakua. Irma na Maria walianza hivyo.

Upepo ukifika kilomita 63 kwa saa, dhoruba inapewa jina. Ukifika 119, inakuwa kimbunga kamili, na kuanzia hapo kuna madaraja matano. La tano linaanzia kilomita 252 kwa saa. Mwaka 2017 yalitumika majina 17, kuanzia Arlene aliyetokea Aprili kabla msimu haujafunguliwa, hadi Rina wa Novemba. Kumi kati yao vilikuwa vimbunga kamili, na sita vilifika daraja la tatu au zaidi. Kuanzia Franklin mpaka Ophelia, kila dhoruba iliyopewa jina ilifika ukubwa wa kimbunga, kumi mfululizo.

Sasa shika jambo moja: madaraja hayo yanapima upepo tu. Hayasemi mvua itanyesha kiasi gani, wala hayasemi ni nani anaishi chini ya hayo mabati. Vimbunga vitatu vya mwaka ule vinaonyesha kwa nini hilo ni muhimu.

Harvey: maji

Harvey alitua pwani ya Texas, karibu na Rockport, usiku wa 25 Agosti, akiwa daraja la nne. Kwa upepo, siku iliyofuata alikuwa ameshapungua sana. Ukitazama daraja peke yake ungesema yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Harvey alikosa upepo wa juu wa kumsukuma, akazubaa palepale siku kadhaa huku akivuta maji ya Ghuba ya Meksiko na kuyamwaga nchi kavu. Mji wa Nederland ulipima zaidi ya milimita 1,500 za mvua. Kwa kulinganisha, Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka mzima.

Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kilihesabu vifo 68 vya moja kwa moja, vyote Texas, na karibu vyote vilitokana na mafuriko. Halafu kikaandika vingine 35 visivyo vya moja kwa moja. Hapo ndipo tofauti yetu inapoanzia. Mtu akizama ndani ya gari lake, hicho ni kifo cha moja kwa moja. Mtu akifa kwa moyo kwa sababu gari la wagonjwa halikuweza kuvuka barabara iliyojaa maji, hicho si cha moja kwa moja. Lakini wote wawili wangekuwa hai kama Harvey asingekuja.

Irma: joto ndani ya nyumba

Irma aliipiga Barbuda 6 Septemba kwa upepo wa kilomita 285 kwa saa, daraja la tano. Kisiwa hicho kilikuwa na watu wasiofika 2,000. Nyumba nyingi sana ziliharibika, mtoto mmoja akafariki, na kwa kuwa kimbunga Jose kilikuwa kinakuja nyuma, wakazi wote wakahamishiwa Antigua. Kisiwa kikabaki kitupu.

Tarehe 10 Septemba Irma alifika Florida. Katika mji wa Hollywood, kwenye nyumba moja ya kulelea wazee, upepo haukung'oa paa. Kilichotokea ni kwamba umeme wa viyoyozi ulikatika. Siku tatu wazee walikaa kwenye joto lililozidi kupanda, wakati hospitali yenye umeme iko ng'ambo ya barabara. Walipokuja kuondolewa 13 Septemba, wengine walishakufa. Vifo 12 vilihusishwa na lile joto. Mwaka uliofuata Florida ilipitisha sheria ya kuzitaka nyumba kama hizo ziwe na jenereta.

Ukiwaangalia wale wazee kitabibu, utaandika nini kwenye cheti? Moyo? Presha? Upungufu wa maji mwilini? Yote ni kweli. Na hakuna hata moja lenye jina Irma.

Maria: giza

Maria alikuwa kimbunga cha daraja la kwanza, na ndani ya siku moja akawa la tano. Usiku wa 18 Septemba alitua Dominica, nchi yenye watu kama 70,000. Waziri Mkuu Roosevelt Skerrit aliandika Facebook usiku uleule kwamba paa la nyumba yake limeondoka, na baadaye kwamba ameokolewa. Ikiwa paa la waziri mkuu limekwenda, ya mkulima wa ndizi usiulize. Watu zaidi ya 60 walikufa au hawakuonekana tena.

Alfajiri ya 20 Septemba Maria akaingia Puerto Rico karibu na Yabucoa, daraja la nne, upepo kilomita 250 kwa saa. Puerto Rico ni eneo la Marekani tangu 1898. Watu wake ni raia wa Marekani, lakini wakiwa kisiwani hawapigi kura ya rais. Shirika lake la umeme lilikuwa limezama kwenye madeni, na Julai mwaka huohuo lilikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Wiki mbili kabla, Irma alipita kaskazini tu ya kisiwa, na bado zaidi ya wateja milioni moja wakakosa umeme. Maria akamalizia. Kisiwa kizima, watu milioni 3.3, kikawa gizani. Ilichukua karibu miezi 11 mpaka umeme kurudi kote.

Sisi tunaojua mgao tunajua saa nane bila umeme zilivyo. Sasa piga picha ya mzee anayetumia mashine ya oksijeni, mgonjwa wa sukari ambaye insulini yake inahitaji friji, mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kwa watu hawa kimbunga hakikupita 20 Septemba. Kilikaa nao Oktoba, Novemba, Desemba, mpaka kikawamaliza.

Hesabu mbili

Rais Donald Trump alipotembelea kisiwa 3 Oktoba, hesabu rasmi ilikuwa 16, naye akailinganisha na kile alichokiita maelfu ya waliokufa kwa Katrina. Jioni ile ikapanda hadi 34. Mwisho wa mwaka ikasimama 64.

Kwa nini ndogo hivyo? Kwa sababu ili kifo kihesabiwe, ilibidi wataalamu wa uchunguzi wa maiti wathibitishe kuwa kimetokana na kimbunga. Barabara zimefungwa, simu hazipatikani, na daktari anajaza cheti cha kifo kama alivyozoea: moyo, mapafu, sukari. Uchunguzi wa baadaye ulikuta madaktari wengi hawakuwa wanajua namna ya kujaza cheti wakati wa maafa. Yaani hapakuhitajika njama kuwaficha hawa watu. Fomu ya kawaida ilitosha.

Waandishi wa Centro de Periodismo Investigativo, kituo cha habari za uchunguzi kisiwani, pamoja na CNN, walikwenda mahakamani kudai rekodi za vifo, na Juni 2018 mahakama ikaamuru zitolewe. Mwanzoni mwa mwezi huohuo, wananchi walipanga mamia ya viatu mbele ya jengo la bunge San Juan, kila jozi ya marehemu wake. Hiyo nayo ni takwimu, wenzangu. Ni watu waliochoka kusubiri jedwali.

Namna ya kuwahesabu wasioandikwa

Zipo njia mbili, na zote zinaeleweka bila kwenda maktaba.

Ya kwanza ni kuuliza nyumba kwa nyumba. Watafiti waliokuwa na Harvard walitembelea kaya 3,299 na kuuliza nani amekufa tangu kimbunga, na kwa nini. Kwa wastani kaya ilikaa siku 84 bila umeme. Kutoka kwenye sampuli hiyo walikadiria vifo vya ziada 4,645. Hapa magazeti mengi yalikimbia na namba hiyo moja. Lakini watafiti wenyewe waliandika kwamba idadi yaweza kuwa popote kati ya 793 na 8,498. Kaya zilizokutwa na kifo zilikuwa chache, kwa hiyo kila kimoja kikivutwa kwenda kisiwa kizima kinavuta na shaka yake. Hata hivyo angalia kile kiwango cha chini: kinaizidi 64 mara kumi na mbili.

Njia ya pili ni kulinganisha na kawaida. Chukua mtaa ambao kila mwezi unazika watu 10, mwaka nenda mwaka rudi. Mwezi wa kimbunga ukazika 16. Huna haja ya kugombana na kila cheti, sita wamezidi. Chuo Kikuu cha George Washington kilifanya hivyo kwa kisiwa kizima, kuanzia Septemba 2017 hadi Februari 2018, kikizingatia pia umri, majira na watu waliohama. Kuhama ni jambo kubwa hapo: watu wakiondoka, vifo vinapaswa kupungua, na ukisahau hilo utaona ziada ndogo kuliko ilivyo. Jibu likawa 2,975, kati ya 2,658 na 3,290. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwenye maeneo maskini na kwa wanaume wazee. Gavana Ricardo Rosselló aliikubali hesabu hiyo. Rais Trump akaikataa hadharani Septemba 2018.

Inatuhusu nini

Wazee wanasema kifo cha wengi harusi: msiba ukiwa wa wote, unabebeka. Puerto Rico walifika karibu 3,000, lakini walikufa kimoja kimoja, kila nyumba ikidhani huo ni msiba wake peke yake. Hesabu ndogo iliwanyima wafiwa hata hiyo nafuu ya kujua kwamba hawakuwa peke yao. Tena, hesabu ndiyo inayoamua jenereta ziende wapi na msaada usimame lini.

Pwani yetu si kwamba vimbunga haijui. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza mikarafuu ya Unguja. Mei 2024 Hidaya alifika Mafia, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Jiulize: mjamzito mwenye uchungu akifia upande wa pili wa daraja lililobebwa na maji, nani ataandika nini?

Kijijini kwetu kwenye kila msiba kuna daftari la rambirambi. Linaandikwa kwa uangalifu ajabu: fulani elfu mbili, fulani debe la mahindi, fulani kuni. Miaka kumi baadaye bado utajua nani alitoa nini. Sababu ya kifo haimo. Hiyo inasemwa kwa mdomo, "presha tu", na inazikwa na mwenyewe. Kwa hiyo uwezo wa kuandika tunao, na tunauthamini. Kinachokosekana ni safu moja tu ya ziada: alikufa siku ya ngapi baada ya mvua, na alikosa nini, umeme, dawa au njia. Wewe unayesomea udaktari, siku utakapoijaza fomu ile saa tisa usiku kwa tochi ya simu, iandike hiyo safu.