Programu za kulipia kila mwezi: zinamfaa nani?

Mei 2013 kampuni ya Adobe ya Marekani ilitangaza kuwa haitauza tena matoleo mapya ya programu zake za usanifu kwa malipo ya mara moja. Mkusanyo kamili wa toleo la CS6 ulikuwa dola 2,599. Badala yake mteja angelipa takriban dola 50 kila mwezi. Utaratibu huo umeenea hadi kwenye uhasibu, mishahara na stoo, na wauzaji husisitiza kuwa unamfaa zaidi mfanyabiashara mdogo.

Siku ya kwanza, ni kweli. Kijana anayefungua duka la kuchapisha kadi na mabango River Road, Nairobi, hawezi kutoa dola 2,599 kabla hajanunua hata karatasi. Hamsini atazipata, na atafanya kazi kwa programu halali badala ya nakala ya wizi iliyojaa virusi.

Tabu huja baadaye. Mapato ya duka lile hufuata msimu: Desemba kadi za harusi, mwaka wa uchaguzi mabango, na Januari, wazazi wakishalipa karo, wateja ni wa kuhesabu. Bili hufika tarehe ile ile. Tena hudaiwa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa takriban shilingi 123. Januari 2024 ilipita 160. Dola 50 zile zile zikatoka kama shilingi 6,150 hadi zaidi ya 8,000, bila muuzaji kuongeza hata senti. Akifikisha mwezi wa 52 ameshalipa bei ya mkusanyo mzima, na akikosa kulipa wa 53, kazi zake anazo ila programu ya kuzifungua hana. Matoleo mapya amepewa, lakini kadi ya harusi haidai toleo jipya kila mwaka.

Kampuni kubwa ina wanasheria wa kufunga bei kwa mkataba na bajeti iliyopangwa mwaka mzima. Hasara yake kubwa ni kuendelea kuwalipia wafanyakazi walioshaondoka, kwa kuwa hutozwa kwa idadi ya watumiaji. Hilo meneja makini hulimaliza kwa siku moja.

Ndiyo maana ningemshauri mdogo achague cha kukodi. Programu ya mishahara inafaa kukodiwa, maana sheria hubadilika: Oktoba 2024 makato ya bima ya afya ya NHIF yalipoondolewa na ya SHIF ya asilimia 2.75 kuanza, aliyekuwa na programu ya zamani ilimbidi aibadilishe hesabu mwenyewe. Kwa usanifu, Inkscape ni ya bure na inamudu kadi na mabango mengi. Na akikodi programu ya uhasibu, orodha ya wateja na madeni isiachwe mtandaoni pekee. Nakala yake ikae kwenye diski ya dukani, na kabla ya kulipa mwezi wa kwanza amuulize muuzaji kama anaweza kuitoa yote kwa Excel, na kama ataruhusiwa kuitoa hata baada ya kuacha kulipa.